Laptopu Iliyosomewa Yasini

Asubuhi ile ya Ijumaa nilibonyeza kitufe cha laptopu, feni ikavuma, kijitaa cha pembeni kikawaka, halafu kioo kikaniletea mistari. Mistari ya kijani na ya zambarau, imesimama wima kutoka juu mpaka chini, inatetemeka. Kisha kioo kizima kikawa cheupe pe, kikapepesa, kikazimika. Feni inavuma bado.

Nikaizima, nikaiwasha tena. Mistari, weupe, giza. Nikarudia, nikarudia, mpaka kidole kikaniuma. Yarabi! Siku zote hizo imekaa mezani salama, ikaona inisubiri leo?

Maana leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kuna watu ng'ambo wanaofundisha Kiswahili kwa mtandao. Niliwaandikia, wakanikubalia nifanye jaribio. Alasiri ile nilitakiwa kufundisha somo moja, wao wananitazama. Nikifaulu, nina kazi ya kufanya nikiwa nyumbani kwetu Msambweni, mwanangu anacheza miguuni pangu. Nikishindwa, pasipoti ilikuwa kabatini. Hoteli ya Diani niliyokuwa nafanya kazi mapokezi ilitupunguza kazini wageni walipoadimika, na tangu hapo wakala mmoja wa Mombasa hakunipa pumzi: nafasi ya kazi za ndani Uarabuni ipo, wenzako wamekwenda, nipe jibu. Jibu alilitaka jioni ile ile.

Mwanangu hata shule alikuwa hajaanza. Angebaki na shangazi yangu, dadake marehemu baba, kama nilivyobaki mimi. Mamangu alikwenda huko huko Uarabuni nikiwa mdogo, akaniacha kwa shangazi, na mpaka leo mamangu kwangu ni sauti ya simu. Shangazi ndiye aliyenilisha, akanisomesha, akaniuguza. Lakini kumwita mama alinikataza. "Mama unaye," alikuwa akiniambia. "Mimi ni shangazi yako." Hakuwa na utani na jambo hilo.

Basi msiniulize kwa nini nilikipiga kofi kile kioo. Simu haikunifaa kitu. Darasa lao halifunguki kwenye simu, na picha zote za somo nilikuwa nimezipanga mle ndani ya laptopu. Shangazi akasikia kishindo, akaja na chai.

"Kuna nini?"

"Imekufa."

"Nilijua tu!" Akaweka kikombe. "Watu wana macho, mwanangu. Na jana nimeisomea Yasini nzima, mwanzo mpaka mwisho!"

"Shangazi, hii ni mashine. Mashine haina hasidi."

"Wewe sema tu."

Hasira zikanipanda. Nikamgeukia mwanangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kipande cha mkate. "Umeimwagia uji? Sema kweli!" Mtoto akakimbilia nyuma ya leso ya shangazi. Shangazi akanitolea macho, akaniambia nisimtishe mtoto kwa ajili ya bati.

Bati! Nikafanya yote niliyoyajua. Nikaichomoa umeme, nikaichomeka. Nikabonyeza kitufe kwa muda mrefu, maana hotelini nilikuwa nikiwaona wakifanya hivyo. Halafu nikachukua tochi ya simu nikamulika kile kioo cheusi upande upande, na kwa mbali, hafifu, nikaona uso wa mwanangu. Ni picha niliyoiweka mbele kabisa, ile ya Idi, amevaa gauni la manjano. Kumbe vyote vimo, ila kioo ndicho hakipati taa. Nikakishusha kifuniko nusu, kioo kikaleta picha kamili kwa kufumba na kufumbua, kikafa tena. Nikakipandisha, mistari. Hapo nikajua ugonjwa uko kwenye bawaba, pale kifuniko kinapokunjika. Kujua hakukunisaidia. Nilizidi kukasirika, kwa sababu sasa nilijua kwamba kitu kidogo tu, mahali padogo tu, ndicho kinachonipandisha ndege.

Nikaifunga laptopu kwa leso, nikaipakata kama mgonjwa, mimi huyoo, Ukunda.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa kijana wa bara, maneno mengi, mikono haitulii. Akaiwasha, akaitazama mistari, akasonya.

"Madamu, hii ni madhabodi, ule ubao mkubwa wa ndani. Imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Imekufa. Aki siezi kukudanganya. Lakini kuna moja hapa, safi kabisa, imetoka ofisi kubwa tu…" Na mkono wake umeshafika rafuni.

Ah! Niliona anataka kuniuzia mbuzi ndani ya gunia, tena mchana kweupe. Nyuma yake ukutani palikuwa na televisheni inaonyesha mpira. Nikamwambia, "Chomoa waya wa picha wa hiyo, uchomeke kwenye laptopu yangu."

"Madamu, haitasaidia…"

"Chomeka!"

Wateja wengine wakageuka. Akachomeka. Mwanangu akatokea ukutani, mkubwa, na gauni lake la manjano, hana mstari hata mmoja.

"Maiti gani huyu anayecheka?" nikamuuliza. "Madhabodi iliyokufa ndiyo inayoleta picha hii? Mimi nina kazi alasiri, wewe unanifanya mjinga! Fungua hiyo bawaba."

Akafungua, ameshusha mabega. Akatoa skrubu, akakibandua kifuniko cha bawaba kwa kucha. Na hapo ikatoka harufu. Si ya kuungua wala ya kutu. Mawaridi. Harufu ya harusini, harufu ya maulidi, ikajaa kibanda kizima mpaka mteja mmoja akasema mashallah.

Fundi akanitazama. "Madamu, ulimwagia pafyumu?"

Harufu ile naijua. Nyumbani kwetu kila Alhamisi, baada ya Yasini, shangazi anafukiza udi, kisha anachukua mrashi wake, ile chupa ya shingo ndefu yenye matundu juu, anapita akinyunyiza marashi: mapazia, mito, vichwa vyetu. Anayesafiri hunyunyiziwa. Anayefanya mtihani hunyunyiziwa, na kalamu zake pia. Jana ilikuwa Alhamisi.

Wallahi, nilikuwa tayari kupigana na kila mtu siku ile, wakala, fundi, hoteli. Kumbe adui wangu yuko sebuleni anachagua mchele.

Fundi alijitahidi, nisimdhulumu. Alifuta, akapuliza, lakini waya unaokwenda kwenye kioo ulikuwa umeshaingia ukijani kwenye meno yake, na waya mwingine ni mpaka Mombasa, mpaka wiki ijayo. Kamera ilikuwa na waya wake mbali, nzima. Nikamwambia aniazime ule waya wa televisheni. Akasita. Nikamtazama. Akaniazima.

Nilifika nyumbani nikavua viatu kwa kuvirusha.

"Shangazi! Uliimwagia marashi laptopu yangu?"

Hakushtuka hata kidogo, sinia la mchele mapajani. "Sikumwaga. Nilinyunyiza."

"Ulinyunyiza wapi?"

"Si pote! Juu, chini, na pale inapokunjika. Pale ndipo baraka inapoingia."

La haula! Nikahisi kichwa kinapasuka. "Ndipo maji yanapoingia! Umeiua! Unajua umenifanya nini? Nikikosa kazi hii leo, jioni nampa wakala jibu, napanda ndege! Na huyu mtoto utakaa naye wewe!"

Shangazi akaliweka sinia chini. Sauti yake ikapanda kuliko yangu.

"Unadhani sijui? Kwani niliisomea kwa nini, kwa mapenzi ya bati? Ulikuwa unalala mlangoni, wewe! Hapo, kwenye kizingiti, unamngoja mamako. Nakubeba nakupeleka kitandani, nikigeuka umerudi. Nakubeba tena. Magoti yangu haya hayawezi kumbeba mwingine. Sitaki! Nimechoka kuwaambia watoto wa watu mama anakuja kesho!"

Mwanangu akaanza kulia. Mimi nikasimama na waya mkononi.

Mtu anaweza kudhani hapo hasira ziliniisha, nikamkumbatia. Hata! Nilikuwa nimekasirika vile vile, ila sasa sikujua nimkasirikie nani. Nikaivamia televisheni. Ni ile kubwa ya ukutani sebuleni, aliyotuletea mamangu kutoka Uarabuni mara ya mwisho alipokuja. Shangazi ameivisha kitambaa cha kufuma na huivua kwa mgeni tu, na mimi nimeichukia tangu ilipoingia, maana mamangu aliondoka na yenyewe ikabaki. Nikakivuta kitambaa, nikachomeka waya. Feni ikavuma. Hakuna mistari. Somo langu likajaa ukutani.

"Shangazi, nenda jikoni na mtoto. Usikohoe, usiite kuku, usipumue."

"Nipumue nisipumue ni shauri la Mwenyezi Mungu," akasema, akaenda.

Alasiri mwalimu wao mmoja akatokea ukutani, mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, anajifanya mwanafunzi asiyejua kitu. Sauti yangu ilikuwa kavu. Nilikuwa namtazama yeye ukutani na kamera iko mezani, kwa hiyo kila mara aliniomba niangalie mbele. Nilijua navuruga. Nikafika kwenye maamkizi, nikamweleza kwamba mkubwa haamkiwi ovyo ovyo, huambiwa shikamoo.

"Shi-ka-moo," akasema, sauti imejaa nyumba nzima.

"Marahaba, mwanangu!" ikajibu jikoni.

Nikafunga macho. Shangazi hajawahi katika umri wake kuamkiwa nyumbani kwake akanyamaza, na leo hangeanza. Akatoka jikoni na mwiko mkononi, mtoto ameng'ang'ania leso yake, akasimama nyuma yangu akiitazama televisheni. "Hujambo? U mzima? Watu wa huko hawajambo? Mbona umekonda hivyo, huko hamli?"

Niliona kazi inapita mlangoni inakwenda zake. Nikageuka nimkemee, lakini yule Mzungu alikuwa ameshasogea karibu na kioo chake, uso umefunguka. "Si-ja-mbo," akasema polepole, kama anavuka daraja la mti mmoja. "Watu… hawajambo." Kisha akanitazama mimi, akauliza lile swali la masomo yote ya mwanzo:

"Huyu ni nani?"

Na mimi, na hasira zangu zote, meno nimeyauma, nikamjibu kwa lile jibu jepesi alilohitaji kujifunza:

"Huyu ni mama yangu."

Nikangoja nikatazwe. Nilimsikia shangazi nyuma yangu anavuta pumzi. Nikangoja. Akaweka mkono wake uliochafuka unga begani mwangu, akauacha hapo mpaka somo likaisha.

Jibu lilikuja kabla ya magharibi. Wamenichukua. Waliandika ati walipenda nilivyowaleta watu halisi darasani. Nikawasomea kwa sauti, na shangazi akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje, kisha akainuka moja kwa moja kuelekea kabatini.

"Nilikwambia! Yasini haiendi bure! Na marashi yale…"

"Ukiisogelea hii laptopu na hiyo chupa," nikamwambia, nikailalia mwili mzima, "wallahi tutakosana mimi na wewe!"

Simu yangu ikaanza kulia mezani. Ni wakala. Mimi mikono yote miwili imeikinga mashine. Shangazi akaishika simu, mrashi mkono wa pili, akaipeleka sikioni.

"Haendi," akasema. "Mamake amekataa."

Akakata. Halafu akaninyunyizia mimi marashi, kichwani, mpaka yakanichuruzika machoni.