Sufuria ya Baba

Nilipokuwa mtoto kule Subukia, hakuna aliyeruhusiwa kugombana nyumbani kwetu sufuria ya baba ikiwa motoni.

Macho ya baba yalikuwa yamegeuka manjano na tumbo limemjaa. Hospitalini walisema ni ini, na kwamba amechelewa. Ndipo akapelekwa kwa tabibu Mchina aliyekuwa na chumba mjini Nakuru. Alirudi na mfuko wa maua makavu na matunda madogo mekundu kama zabibu kavu, ya kupikwa ndani ya uji wa mchele asubuhi na jioni. Masharti yalikuwa matatu: pombe hapana, mafuta hapana, hasira hapana.

Shosho, mamake baba, alishika hilo la tatu.

"Hata Mchina anajua," alisema.

Kwake lilikuwa jambo la zamani. Watu wakigombana dawa ikichemka, hasira huingia ndani yake kama moshi kwenye maziwa, na mgonjwa huinywa.

Kwa hivyo mama alinyamaza. Alikamua, akapalilia mahindi, akakoroga uji. Mimi nilidhani ameridhika.

Jioni moja baba aliingia ananuka pombe ya muratina. Mama alikuwa mekoni.

"Umetoka wapi, Baba Wambui?"

"Kwa matanga. Nimeonja tu."

"Umeonja. Mimi nakupikia maua kama mwendawazimu, wewe unaonja."

"Mama Wambui," shosho alisema kutoka kwenye kigoda chake, "sufuria iko motoni."

"Naiona, mama. Ni mimi niliiweka."

Kisha akasema yote, ya miaka yote. Uji ulifurika ukazima moto, na hakuna aliyeinuka. Baba alikunywa uliobaki.

Alikufa kabla hatujavuna. Shosho hakuwahi kumlaumu mama waziwazi. Aliwaambia tu wageni, mama akiwamiminia chai, kwamba ile dawa ilikuwa nzuri.

Sasa nina mume na watoto watatu, na nimeuguza watu wa kutosha. Sidhani maua yale yangemponya baba, hata kama tungenyamaza mwaka mzima. Pombe aliinywa yeye, lawama ikabaki kwa aliyekoroga uji. Kwa hivyo nikiwa na neno la kumwambia mume wangu, huwa nasema.

Ila kama kuna kitu motoni, hata chai, kwanza naepua.