Sahani ya Peke Yangu

Mwaka ule serikali ilipoamua kuwakusanya watu wote wa porini wakae karibu na Garissa, ndani ya uzio wa seng'enge, ili waasi walioitwa shifta wasipate wa kuwalisha, abti yangu, kaka wa mama, aliingia mjini na ng'ombe saba. Wengine wote walibaki njiani, mizoga. Hao saba nao walikuwa wanakwisha. Nyasi zote zilizofikika zilikuwa zimeliwa hadi mizizi, na kuwapeleka mbali zaidi ilikuwa ni kujitafutia risasi. Halafu likaja tangazo kwamba Jumamosi mifugo yote itaingizwa katika zizi la serikali. Tulishaona mifugo ya jirani ikiingia huko. Haikutoka.

Abti alikuwa na njia moja tu. Kufuata mto unakoteremkia, ng'ambo ya Tana, mwendo wa siku nzima kutoka mjini, kulikuwa na kijiji cha wakulima juu ya kilima kidogo. Mto ukifurika kilima kile kinakuwa kisiwa. Mkulima mmoja wa pale alikuwa rafiki wa nyumba yetu tangu enzi za baba zao: wakati wa ukame wetu walitupa mahindi, na mto ulipozoa mashamba yao tukawapa ng'ombe wa kukama. Amri ile haikuwagusa watu wa mto kama ilivyotugusa sisi. Mkulima yule akikubali kuwaweka ng'ombe saba kwake, abti angewateremsha mtoni kama anayewanywesha, awavushe, wapone.

"Wewe unajua Kiswahili," abti aliniambia. "Na miguu yako haitulii hata ukifungwa kamba. Nenda. Uliza, upate jibu, urudi. Usianze kuchungulia kila shimo."

Alinijua vizuri. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu lori la tende lilisimama karibu na uwanja wetu na nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikwenda Wajir. Baadaye nilifika hadi Diff, kwa sababu tu nilitaka kuona mpaka wa Somalia unafananaje. Nilikuta vichaka, na ng'ambo yake vichaka vilevile. Kazi sikuwa nayo, mke sikuwa naye, na Kiswahili nilikiokota sokoni na kwenye malori.

Karani aliniandikia kibali cha kuanzia Jumanne hadi Ijumaa kabla ya jua kuzama. Kwenye kizuizi cha mwisho askari alikigeuza juu chini, akakisoma tena.

"Unaenda wapi, warya?" Hivyo ndivyo walivyomwita kila Msomali.

"Kumwona rafiki ya abti yangu, afande. Mkulima."

"Mkulima!" Akamwita mwenzake. "Njoo usikie. Huyu ana rafiki mkulima. Anaenda kujifunza kushika jembe."

"Akilishika atalikama," mwenzake akasema. Walicheka mpaka wakaniruhusu.

Nilifika alasiri. Mtu wa mtumbwi alinivusha, na nilipopanda kilima nilidhani kijiji kimehamwa. Mjini nilikuwa nimezoea milio ya malori, filimbi za askari, watoto wakilia njaa. Pale palikuwa na nyumba za nyasi zenye mgongo wa duara, kuku wawili watatu, na moshi. Watu wote walikuwa chini bondeni. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na kila shamba lilikuwa na ulingo wa miti, na juu ya ulingo mtu mwenye teo, akiwatupia ndege madongo ya udongo. Kwa mbali ungesikia sauti moja ikipiga ukelele, kisha kimya, kisha nyingine. Nilisimama pale nikatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna mahali ambapo adui ni ndege.

Mwenyeji wangu alipanda kutoka shambani akiwa na tope hadi magotini, mtu mfupi mwenye kifua kipana. Nilipotaja jina la babu yangu alinikumbatia, tope na vyote. Aliulizia habari za abti, goti lake bovu, ng'ombe wake. Nikaona mlango umefunguka, nikasema haja yangu palepale, bila hata kuketi.

"Ndiyo," akasema. "Nimesikia. Kwanza kaa, ule."

Mke wake alileta sinia moja kubwa, wali umerundikwa, na juu ya wali amelala kambare mzima, kichwa na sharubu zake, mchuzi wa nyanya ukimteremkia. Watoto wake wakubwa wawili walinawa na kusogea. Mwenyeji alimkata yule samaki katikati, akaniwekea upande wangu sehemu ya tumbo, yenye mafuta.

Sasa nieleze. Kwetu utotoni, ukitaka kumliza mwenzako ulimwita mla samaki. Haikuwa dini, samaki ni halali na kila sheikh anajua. Ilikuwa ni maringo ya watu wa nyama na maziwa. Mimi niliyejiona nimetembea dunia sikuwahi kutia samaki mdomoni. Nilitazama zile sharubu.

"Kwetu hatuli hii," nikasema. Na kwa kidole kimoja nikausukuma ule mnofu ukarudi kati ya sinia.

Hakuna aliyegomba. Mwenyeji alitazama kidole changu, kisha akamwambia mkewe maneno mawili kwa lugha yao. Mke akaondoka, akarudi na sahani ya bati yenye ndizi za kuchemsha, akaniwekea kando, peke yangu, juu ya mkeka mdogo. Nilishukuru. Moyoni nilisema, tazama watu wenye adabu, wamenitengea.

Asubuhi ya Jumatano nilimfuata shambani. "Mzee, kuhusu wale ng'ombe."

"Tutazungumza."

"Jumamosi wanachukuliwa, mzee."

"Nimekusikia jana." Akatia dongo kwenye teo, akalizungusha, ndege wakainuka kama vumbi. Akaenda zake.

Mchana, sahani ya bati, ndizi, mkeka mdogo. Jioni vilevile. Wao kwenye sinia moja wakicheka, mimi pembeni kama bwana mkubwa. Nilimuuliza tena, akajibu lilelile. Nilimuuliza mkewe, akasema hayo ni ya mwenye nyumba. Nilimuuliza mtu wa mtumbwi kama mwenyeji wangu ni mgonjwa au ana ugomvi na abti. Akatazama maji, akasema, "Wewe ndiye unayekaa kwake."

Hasira yangu haikuwa na pa kutua. Ningepigiwa kelele ningejua la kufanya. Lakini walinisalimu vizuri, walinitandikia kitanda cha kamba, walinipa maji ya kuoga. Na katikati ya hasira, aibu yangu ni kwamba nilikuwa nachungulia kila shimo, kama alivyosema abti. Nilipanda ulingoni nikajifunza teo, nikajipiga sikio. Nilitaka kujua mtego wa samaki unavyofumwa ili aingie asitoke. Nilitaka kujua kwa nini hawapandi mahindi upande ule. Walinijibu yote, kwa upole, isipokuwa lile moja nililokuja kuuliza.

Alhamisi asubuhi niliwaza kuondoka bila jibu. Nilikuwa nakunja shuka langu pale mama yake mwenyeji, kikongwe aliyekaa mlangoni akisuka ukili, aliponiita.

"We wa ngamia. Unatukimbia?"

"Bibi, mwanao hataki kunijibu. Siku tatu. Kama hataki ng'ombe aseme hataki, nikatafute kwingine."

"Akujibu kwa lipi? Wewe ni mgeni wake?"

"Si nimelala hapa? Si nakula hapa?"

Kikongwe alicheka, meno mawili. "Umelala, ndiyo. Kula hujala. Anayekula ni yule mwenye mkono kwenye sinia. Sahani ya bati tunampa karani wa kodi, na mpita njia, na mtu ambaye hatujui ana nini. Hao hatuwafukuzi. Lakini hatuweki nao neno."

Nilisikia masikio yakiwaka. "Nilidhani mmeniheshimu."

"Tulikuheshimu kwenye sinia. Mwanangu alikupa tumbo la samaki, ukalisukuma kwa kidole, mbele ya watoto wake." Akainua kidole chake kilichopinda, akasukuma hewa, hivi, na nilijiona. "Samaki wa mto wetu anakunukia vibaya, halafu unataka ng'ombe wako wanywe mto huohuo?"

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie nini? Tafadhali kula kwangu? Mwenye nyumba anaomba?" Alirudi kwenye ukili wake. "Babu yako alikuwa anakula. Kambare huyuhuyu. Alikuwa anajifuta ndevu vizuri kabla ya kurudi kwenu, msije mkanusa."

Mchana sikungoja. Sinia ilipoteremshwa, mtu wa mtumbwi naye akiwa amekaribishwa, nilinawa, nikaketi kati yake na wale watoto wawili, nikatia mkono. Sahani ya bati ilikuwa njiani. Mke aliirudisha jikoni. Nilimeza tonge la kwanza bila kutafuna, mwiba ukanikwama kooni, machozi yakanitoka.

"Mwiba unatolewa," mwenyeji akasema, akinipiga mgongoni. "Humezi tu kama maziwa, warya." Watoto waligaragara kwa kicheko. La pili nilitafuna. Ilikuwa nyama tamu. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

Tulipomaliza, kabla hata ya kunawa, alisema, "Walete wote saba. Zizi naanza leo. Mwambie abti yako awavushe pale penye mchanga, mamba hawapendi pale. Maziwa nitakama kwa ajili ya mama yangu, ndama ni wa abti yako."

Muda wote ule, na jibu lilichukua pumzi moja. Nilitaka kuondoka papo hapo, lakini giza lingenikuta porini na amri ya kutotembea usiku haikuwa na mzaha. Nilibaki. Nilimsaidia kukata miiba ya zizi hadi jioni, nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja.

Ijumaa niliondoka alfajiri, nikaingia Garissa watu wakiwa wametoka msikitini zamani. Abti alikuwa ameketi nje ya kibanda chetu, goti limenyooshwa mbele yake. Mkononi alikuwa na kamba ya kufungia ndama. Hakukuwa na ng'ombe.

Walikuja siku moja kabla ya ile iliyotangazwa, aliniambia. Asubuhi ya leo hii, baada tu ya chai. Tangazo lilisema Jumamosi, lakini lori lilikuwepo Ijumaa, na askari hawakuona sababu ya kungoja.

Nilipiga hesabu pale nimesimama, na hadi leo hesabu hiyo haijabadilika. Ningekula Jumanne, ningelala, ningeondoka Jumatano alfajiri. Alhamisi ng'ombe wangekuwa ukingoni.

"Alikubali?" abti akauliza.

"Alikubali."

"Wote saba?"

"Wote."

Aliikunja ile kamba. "Na kukubali kukachukua siku tatu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na umri wa kutosha, na yeye hakuwa mtu wa kupiga. Lakini nilimwona na ile kamba, na nilijua jinsi neno samaki lingesikika pale, mbele ya majirani waliokuwa wakisikiliza.

"Walikuwa shambani," nikasema. "Mpunga umekomaa. Ndege ni wengi."

"Ndege," abti akasema. Alilirudia mara mbili. "Ng'ombe wangu wamekufa kwa sababu ya ndege." Tangu hapo hakumtaja tena yule mtu kama rafiki. Alimwita yule wa ndege.

Mwezi haukuisha, mtu wa mtumbwi alikuja mjini na mizigo, akatutafuta hadi akatupata. Alileta mkungu wa ndizi na salamu. Mwenyeji wangu alikuwa anauliza kulikoni. Zizi limesimama, amelifunika nyasi upande wa jua, na mama yake kila asubuhi anauliza kama maziwa yamefika.

"Mwambie aweke ndege ndani," abti akasema, akageukia ukuta.

Mtu wa mtumbwi alinitazama. Alikuwa ameniona nikila. Alikuwa pale siku ile, kwenye sinia ileile, mkono wake karibu na wangu. Alingoja niseme neno. Nilimshukuru kwa safari, nikamsindikiza hadi langoni, tukaagana.

Ndizi abti alikataa kuzigusa. Zilikaa kibandani hadi zikaanza kuwa nyeusi. Mwishoni nilizichukua nikakaa nyuma ya nyumba, karibu na seng'enge, nikazila peke yangu, siku mbili, hadi mkungu ukabaki mti mtupu.