Wiki ya Kukabidhiwa Ndege

Siku dada yangu aliponipigia simu kuniambia kwamba mama amefariki, nilikuwa nimepiga magoti ndani ya ndege mpya, nikivuta mikanda ya viti kimoja baada ya kingine kuona kama inakaza. Ilikuwa asubuhi. Viti bado vilikuwa vimefunikwa nailoni, na kila nilipogusa kimoja nailoni ililia.

Mimi ni fundi wa ndege. Nimezaliwa Kansay, wilaya ya Karatu, kwa wazazi wakulima, nikasoma ufundi Dar es Salaam na kuajiriwa huko huko na kampuni ya usafiri wa anga. Kampuni yetu ilipoagiza ndege kubwa ya abiria, mafundi wawili tulitumwa ng'ambo, kwenye kiwanda, tukae pale miezi yote ya mwisho ya kuiunda. Tulikuwa macho ya mnunuzi. Mwenzangu alikuwa mwanamume aliyenizidi umri na uzoefu. Alishapokea ndege nyingine kabla ya ile, na mimi nilimwita kaka.

Kabla ya kuondoka nilikwenda nyumbani kuaga. Baba aliniuliza maswali mengi. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua na kuuza ng'ombe mnadani, kwa hiyo habari ya kununua inamgusa.

"Kwa hiyo mnakwenda kuichagua?"

"Hapana, baba. Imeshaagizwa siku nyingi, ila haijaundwa bado."

"Mmenunua kitu ambacho hakipo?"

"Ndivyo zinavyouzwa. Hakuna duka ambalo ndege zimepangwa. Kampuni inakaa na watengenezaji, wanavutana bei, inatoa kishika uchumba, inapewa nafasi kwenye foleni. Halafu inasubiri miaka."

"Na bei?"

"Ile iliyotangazwa hakuna anayeilipa. Kila mtu anaomba apunguziwe, na anayechukua nyingi anapunguziwa zaidi. Hata injini mnaweza kuzinunua kwa kampuni nyingine kabisa, wao wakazifunga tu."

Baba alitikisa kichwa. "Mimi ng'ombe namnunua amesimama mbele yangu, nimemshika nundu."

Mama alicheka. Alikuwa anapepeta mahindi, na hakuwa na swali kuhusu ndege. Aliniuliza, "Na wewe huko utakula nini?"

Nilimjibu kwamba kuna wali kila mahali duniani. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho ya ana kwa ana.

Watu hudhani ndege inajengwa kama nyumba, kuanzia chini kwenda juu. Haiko hivyo. Inafika kiwandani vipande vipande. Kipande cha mbele, cha katikati na cha mkiani, kila kimoja kimeundwa mahali pake, pengine nchi yake, kikaletwa kwa meli, au kwa ndege nyingine yenye tumbo kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Karakana ya kuunganishia ilikuwa pana kiasi kwamba wafanyakazi walitembea humo kwa baiskeli. Nilitegemea kelele. Palikuwa kimya, watu wakizungumza kwa sauti ya chini kama wako zahanati. Vipande vilisogezwa taratibu juu ya jeki, vikipimwa kwa miale ya mwanga, mpaka tundu likaangaliana na tundu. Hapo ndipo vilipofungwa. Mabawa yalikuja yakiwa na rangi ya kijani iliyofifia, hayajapakwa rangi ya mwenye mali, yakafungwa nayo. Kisha mkia, miguu yenye magurudumu, nyaya, mabomba, vyoo, jiko. Injini zilitundikwa karibu na mwisho, kwa sababu ndizo ghali kuliko vyote, na hakuna anayetaka zikae bure zikisubiri. Baadaye ndege ilivutwa ikaingizwa kwenye banda la rangi, milango ikafungwa. Siku ilipotoka ilikuwa yetu kwa sura, ingawa kwa sheria bado ilikuwa yao.

Kazi yetu ilikuwa kutazama, kuuliza na kukataa. Kaka alinifundisha siku za mwanzo. "Hapa usione haya," alisema. "Mkwaruzo ambao hujausema leo, kesho ni wa kwetu." Basi nilisema. Nilionyesha kapeti lililopinda kwenye kona, mlango wa kabati uliogoma kufunga, taa iliyowaka kwa kusitasita. Wenyeji walirekebisha bila kununa. Nilianza kuipenda kazi ile.

Ndipo ikaja simu ya dada.

"Mdogo wangu, umekaa?"

"Niko kazini. Sema tu."

"Mama ametutoka."

Alinieleza. Jana yake mama alianguka akiteka maji kisimani, presha ilikuwa imepanda. Walimkimbiza hospitali Karatu mjini, hakuzungumza tena. Dada alikuwa analia, na nyuma yake nilisikia watu wengine, majirani nadhani, wanawake wa kanisani. Nilimwambia, "Sawa." Sijui kwa nini nilichagua neno hilo. Alipokata simu, nilivuta mkanda wa kiti kilichofuata. Ulikaza. Nikavuta wa kingine.

Kaka alinikuta nimefika safu za nyuma. Nilimwambia mama amefariki kwa sauti ile ile ya kumwambia kwamba kiti kimoja hakilali. Alinitazama, akakaa juu ya nailoni, ambayo tulikuwa tumekatazwa kuikalia.

"Nikuombee ruhusa uondoke leo?"

"Dada amesema wanazika Alhamisi. Sitafika."

"Basi pumzika hotelini. Hizi nitazimaliza mimi."

"Hotelini nitafanya nini, kaka?"

Aliinuka, akaanza kuvuta mikanda ya upande wa pili. Baba mwenyewe alinipigia mchana. Alizungumza Kiswahili badala ya Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, kama anavyofanya akiwa mbele ya wageni. "Usijisumbue kukimbia, mwanangu. Maliza kazi ya watu, kisha uje." Nikamjibu ndiyo.

Alhamisi waliyomzika mama ndiyo siku tuliyoirusha ndege kuijaribu kwa niaba ya mnunuzi. Marubani wa kiwanda walikuwepo na wa kwetu walikuwepo. Ndani viti vyote vilikuwa vitupu isipokuwa vyetu wachache. Tulipofika juu, walizima injini moja makusudi, wakaiacha, wakaiwasha tena. Mimi nilipangiwa sehemu ya nyuma. Nilitembea kwenye vyoo nikivuta maji, nikafungua makabati na kuyafunga, nikaweka sikio kwenye milango kusikiliza kama kuna upepo unaopenya. Nilijua kwamba saa zile Kansay wameshatoka kanisani. Nilisimama karibu na dirisha, nikajaribu kumwona mama ndani ya jeneza, nikajaribu kuhuzunika. Nilichokipata ni ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugonga, unajua ni wa kwako, lakini hausikii. Nikarudi kwenye milango. Mmoja ulikuwa na mluzi mdogo. Niliusema, na tulipotua wakaurekebisha.

Kukabidhiwa kwenyewe kulifanyika kwenye chumba cha kawaida chenye meza ndefu. Wanasheria wa pande zote walikaa na kalamu zao, na kwenye simu kulikuwa na watu wa benki. Kilichosubiriwa ni fedha kuonekana zimeingia. Hakuna aliyezungumza jambo la maana. Mmoja alisimulia habari za mbwa wake. Kisha sauti kwenye simu ikasema imethibitika, karatasi zikatiwa saini, na ndege iliyokuwa yao ikawa yetu. Watu wakapeana mikono. Kulikuwa na utepe na keki yenye umbo la ndege, na mtu aliyeikata alianzia kwenye bawa. Tulipiga picha chini ya pua ya ndege. Ninayo picha hiyo. Ukiiona utasema mwanamke huyu ana furaha kuliko wote.

Tulirudi nayo wenyewe, mimi nikiwa miongoni mwa watu wachache waliolala kwenye viti ambavyo nilivikagua. Dar es Salaam magari ya zimamoto yaliirushia maji kutoka pande mbili, kukawa na ngoma, kukawa na hotuba. Watu walishangilia. Kesho yake nilipanda basi la Arusha, na siku iliyofuata nilikuwa Karatu, miguu imevimba, nina mkoba wa chokoleti nilizopewa kiwandani.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, upande wa shamba. Udongo ulikuwa bado mwekundu na umetuna, mashada ya plastiki yameanza kupauka. Dada, ambaye ndiye mkubwa wetu na ameolewa kijiji hicho hicho, alinishika kiuno kana kwamba nitaanguka. Sikuanguka. Majirani walikuja kunipa pole upya, wakakaa kwenye mabenchi, wakanywa chai. Niliwaambia asante. Nilikuwa ninawatazama usoni nikiona kwamba wanangoja kitu kutoka kwangu, nami sikuwa nacho.

Jioni baba alinikuta nje, akavuta kigoda.

"Mliikagua vizuri?"

"Tuliikagua, baba. Mlango mmoja wa nyuma ulikuwa unapiga mluzi."

"Wakautengeneza?"

"Wakautengeneza."

"Vizuri." Akasogeza kigoda. "Na wale wauzaji, ni watu wa kweli?"

"Ni watu wa kazi. Ukiwaonyesha kosa hawabishi."

Tuliendelea hivyo. Hakumtaja mama, na nilimshukuru moyoni, kama moyo ndio uliokuwa unafanya kazi hiyo.

Siku chache baadaye dada alisema, "Kuna mtu hajaambiwa."

Alimaanisha rafiki wa mama anayeishi Kakesio, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Humo watu hawaruhusiwi kulima, kwa hiyo mahindi yao hutoka kwetu. Mama alikuwa akipanda lori na magunia yake kwenda mnada wa Endulen, na huko alikutana na mama mmoja wa Kimaasai aliyemkaribisha kwake mvua ilipoharibu njia. Urafiki ukakaa. Mama alimpelekea mahindi na maharage, naye alimletea mama maziwa na samli. Simu yake haikuwa inapatikana. Kule mtandao ni wa kubahatisha. Dada alikuwa amejaribu siku zote za msiba.

Tulipata nafasi kwenye gari la mfanyabiashara wa Karatu mjini aliyekuwa anapeleka bidhaa Endulen. Tukapita geti la hifadhi, tukapanda msituni kwenye ukungu. Kule ukingoni mwa kreta magari ya watalii yalikuwa yamesimama, wageni wameshuka na kamera wakisubiri ukungu ufunguke waone chini. Dereva wetu hakupunguza hata mwendo. Kutoka Endulen tulikodi gari jingine mpaka Kakesio, dada amepakata sukari na majani ya chai.

Rafiki wa mama alituona tangu mbali. Alitoka bomani akitabasamu, akitazama nyuma yetu. Alitazama tena ndani ya gari. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikaa chini pale pale, akajifunika shuka kichwani, akaanza kulia. Dada akakaa naye, wakalia pamoja. Mimi nilibaki nimesimama na sukari ambayo dada alikuwa ameniachia.

Baadaye tulikaa kivulini kwenye ukuta wa nyumba. Rafiki wa mama alinionyesha kwa kidevu.

"Huyu ndiye wa ndege?"

"Ndiye, yeyo," dada alijibu, akimwita mama kwa Kimaasai kama mama yetu alivyotufundisha.

"Mama yako alinionyesha moja ikipita huko juu," aliniambia. "Akasema, mwanangu amekwenda kutengeneza kama hiyo. Nikamuuliza inatengenezwaje, akasema hajui, ukirudi atakuuliza."

Nilishangaa. Mama hakuwahi kuniuliza. Basi nikamweleza rafiki yake. Nilianza na vipande, namna vinavyosafirishwa na kusogezwa mpaka vikutane. Nilieleza mabawa na injini, rangi, mikanda, kurushwa tupu. Nilizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyozungumza tangu niondoke kiwandani. Alisikiliza hadi mwisho, akiuliza pale asipoelewa. Aliuliza ng'ombe wangapi wanatosha kuinunua. Nilipomwambia ng'ombe wote wa Kakesio na Endulen hawatoshi, aligonga mdomo kwa kiganja, akacheka huku machozi bado yako mashavuni.

Kisha akamgeukia dada. "Huyu amelia?"

"Tangu aje, hapana."

"Atalia, au hatalia," alisema. "Mpe maziwa."

Nilikunywa. Yalikuwa na harufu ya moshi wa kibuyu, na nililimaliza bakuli. Tulilala kwake, asubuhi tukarudi Karatu, na baada ya siku mbili nikarudi kazini.

Sijalia mpaka leo. Ndege ile inaruka kila siku. Inapokuja karakana naifanyia kazi kama zile nyingine, na abiria wameshaikwaruza mahali pengi sana. Kaka amestaafu. Kampuni inazungumzia kuagiza nyingine, na huenda nikatumwa tena, safari hii mimi nikiwa mkubwa.

Mvua ziliponyesha Kansay, baba alinipigia.

"Nimepanda mahindi," alisema. "Dengu sikupanda. Ilikuwa kazi ya mama yako."

"Sawa, baba."

Nilimsikia akipumua. Halafu akauliza kama Dar es Salaam imenyesha. Nikamwambia imenyesha tangu alfajiri, na barabara ya kuja kazini ilijaa maji.