Farasi Sabini

Yonas Akonaay alikuwa fundi magari wa kijiji cha Daudi kwa miaka thelathini, na sifa yake ilikuwa moja: hakuwa na uongo juu ya injini. Kazi aliianzia ujanani kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, akitengeneza matrekta. Akisema pistoni zimekwisha, basi zimekwisha. Akisema gari litafika, litafika.

Mwaka juzi Clement, mfanyabiashara wa viazi, alimletea lori kuukuu la petroli. Bei ya petroli ilikuwa imemchosha, na kwenye simu alikuwa ameona watu wakiendesha magari kwa gesi, ileile ya kupikia. Yonas alikaa na lori hilo miezi miwili. Aling'oa kabureta, akafunga kifaa cha kuchanganya gesi na hewa. Mitungi aliifunga kwa vyuma nyuma ya chumba cha dereva. Kichwa cha injini kilipelekwa Arusha kikapunguzwe unene, mbano ndani ya silinda uongezeke. Siku lilipowaka, lilinguruma kwa ulaini hata Yonas mwenyewe akacheka.

"Hapo sasa ni nguvu ya farasi mia na themanini," alisema Clement.

"Nani kakuambia?"

"Kitabu chake kinasema mia na hamsini. Weka na kichwa ulichopunguza, weka na gesi."

"Kitabu kiliandikwa injini ikiwa mpya, Clement, na waliipimia nchi ya chini. Huku kwetu hewa ni nyepesi, inakula karibu moja ya tano ya nguvu. Gesi nayo inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda, inakula tena. Kichwa kinarudisha kidogo tu. Halafu kuna uzee." Yonas alifuta mikono. "Tusibishane. Tulipime."

Wa kumsaidia kupima alikuwa Judica, binti yake, ambaye tangu shule ya msingi alizijua spana kwa namba zake. Sasa alikuwa ameolewa na Pascal Gidahosh, dereva, kijana mpole wa Hirbadaw. Baba na binti walichukua mpira wa maji, ule wa waashi wa kusawazishia msingi, wakapanda nao mlima wa nyuma ya kijiji hatua kwa hatua. Siku mbili waliinama juu ya mpira ule, na mwisho wakajua: kutoka chini mpaka juu, barabara inapanda mita sitini. Lori likapakiwa viazi, likapimwa mizani likiwa na mzigo wake: tani sita na nusu. Pascal akaendesha. Judica akashika saa ya simu.

Sekunde tisini.

Yonas alipiga hesabu kwa chaki kwenye mlango wa gereji. Farasi mmoja ni kilo sabini na tano kuinuliwa mita moja kwa sekunde moja. Kuinua lile lori peke yake kulihitaji farasi hamsini na wanane. Akaongeza wanaopotea tairi zikisagana na barabara ya vumbi.

"Sabini," alisema. "Sabini kwenye tairi. Kwenye injini labda tisini, maana gia na difu nazo zinakula. Usilibebeshe zaidi ya hapa tulipolipima."

Clement hakufurahi, lakini hakubisha. Msimu ule lori lilibeba viazi vyake bila shida, Pascal akiwa dereva wake.

Mambo yaliharibika viazi vilipooza shambani kwa mvua. Lori likalala miezi minne, na Pascal akalala nalo bila kazi. Judica alikuwa na mimba. Ndipo mkandarasi mmoja akaja kutafuta malori ya kupandisha mawe kwenye miinuko ya Gitting, na sharti lake lilikuwa barua ya fundi: injini isiwe chini ya farasi mia na arobaini.

Clement alikuja na karatasi tayari imechapwa, inakosekana sahihi tu. Yonas aliikataa. Akaikataa na kesho yake. Siku ya tatu alikuja Pascal, peke yake, na karatasi ileile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Pascal hakukaa. "Baba, ile ni namba tu. Lori ninalijua mimi. Nitapanda na gia ya kwanza, taratibu."

"Watakupakia kwa kufuata karatasi, si kwa kufuata wewe."

"Nitawaambia wapunguze." Akatazama chini. "Judica anakwenda kulima mashamba ya watu na tumbo lile. Mimi nakaa nyumbani. Baba, mwanamume anakaaje hivyo?"

Yonas aliivuta ile karatasi, akachomoa kalamu. Akatia sahihi.

Wiki tatu zilipita salama. Ya nne, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha, Pascal aliomba wapunguze mawe. Msimamizi alimwonyesha barua. Lori likaondoka likiwa na tani kumi, lenyewe na mzigo wake.

Waliokuwepo wanasema lilipanda vizuri mpaka kona ya pili. Hapo injini ikaanza kuhema, ikaishiwa nguvu, ikazima. Breki zake zilisaidiwa na injini. Ikishazima, unakanyaga mara mbili tatu kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Lori lilirudi nyuma kimyakimya, mlango wa dereva ukiwa umefunguka nusu, likaingia korongoni. Gesi haikulipuka. Kifo cha Pascal kilitokana na mawe.

Kabla hata ya matanga kumalizika, maneno yalishaanza. Clement aliwaambia polisi kwamba dereva alikosea gia. Mkandarasi akasema hivyohivyo. Yonas aliyasikia akiwa amekaa kwenye benchi msibani Hirbadaw, kati ya wazee wa ukoo wa marehemu, na chai ikapoa mkononi mwake.

Judica alitoka ndani, kitambaa cheusi kichwani, akasimama mbele yake.

"Baba, wanasema Pascal alikosea gia."

"Nimesikia."

"Ule mpira tulishika wote. Saa nilishika mimi." Hakupaza sauti. "Ilikuwa sabini. Ile mia na arobaini ilitoka wapi?"

Yonas alifungua kinywa. Angeweza kusema kwamba Pascal mwenyewe alimwomba. Ilikuwa kweli, na ilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Ilitoka kwangu," alisema.

Walipomzika Pascal, Yonas alipanda pikipiki mpaka kituo cha polisi Katesh, akaeleza kila kitu: urefu wa mlima, uzito, sekunde, na sahihi. Askari aliyeandika maelezo alimwuliza mara mbili kama anaelewa anajishtaki mwenyewe. Alisema anaelewa.

Mahakamani jina la Pascal lilisafishwa. Clement na msimamizi walitozwa faini. Yonas, kwa kuwa alijileta, alihukumiwa kutumikia jamii mwaka mmoja: kufyeka na kufagia uwanja wa zahanati. Magari hayaletwi tena kwake. Na hata yakiletwa, hayagusi.

Judica alijifungua mtoto wa kike. Siku za kliniki humleta mgongoni, akipita pale baba yake anapofagia.

"Shikamoo," husema, kama mtu anavyomwamkia mzee yeyote wa njiani.

"Marahaba," hujibu Yonas, na husogeza ufagio ili wapite.