Waziri Ampisha Malkia

Mjomba wangu alikuwa mbishi hadi mtaani wakambandika jina la Waziri. Alikereza kete za sataranji katika karakana nyuma ya nyumba yake, kama alivyofundishwa na babu, na kila seti aliyoitengeneza ilikuwa na mfalme, na kando ya mfalme, waziri. Malkia hakuna.

"Mchezo huu ulizaliwa Uhindi," angeanza, hata kama hukumuuliza. "Ukaenda Uajemi, Waarabu wakaupokea. Kote huko mfalme alikaa na waziri wake, na tembo ubavuni. Ulipofika Ulaya ndipo vituko vikaanza. Tembo akawa askofu, waziri akavishwa gauni! Baadaye wakampa na mbio za kuvuka ubao mzima. Mimi simo."

Kwa hiyo nyumbani kwake waziri alikwenda hatua moja ya mshazari, basi. Na ukimtishia mfalme wake ilibidi utamke "shah", yaani mfalme kwa Kiajemi, la sivyo hatambui. Mkewe, fundi cherehani mwenye mdomo, alicheza naye kila jioni kwenye meza ya kukatia vitambaa, akilalamika mwanzo mwisho.

"Baba watoto, huyu waziri wako anakula mshahara wa bure. Hatua moja, kachoka! Nikerezee malkia."

"Malkia hayumo."

"Hayumo, au unamwogopa?"

Kisha kiharusi kikampata mkewe. Mkono wa kulia ukalala, na ule mdomo tuliouzoea ukanyamaza. Nyumba ikapooza pamoja naye. Muuguzi alimpa mpira wa kuminya, yeye akauacha uanguke. Muuguzi akatueleza bila kuficha kwamba mkono usipopata kazi mapema, huenda usirudi tena.

Mjomba akapanga ubao mbele yake. Mkewe akageuzia uso ukutani. Mjomba alimbembeleza, akamtania, mwishowe akanuna kabisa, na hapo mimi uvumilivu ukanishinda.

"Mjomba, mkerezee anachokitaka! Unashindana na mgonjwa?"

"Babu yako angesemaje?"

"Babu yuko kaburini. Huyu yuko hapa."

Alitoka akaenda karakanani. Mchana kutwa nikasikia kerezo likinguruma. Aliporudi, nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mbao, na mkononi alishika kete moja yenye kiuno chembamba na taji. Akamwondoa waziri wa mkewe ubaoni, akamtia mfukoni.

"Huyu anakwenda kokote," alisema kwa sauti ya chini. "Mbele, nyuma, mshazari. Mpaka mwisho wa ubao."

Mkewe akageuka. Hatua za kwanza alizicheza kwa mkono wa kushoto. Halafu ule wa kulia ukainuka kutoka mapajani ukitetemeka, ukaangusha askari wawili, ukamkamata malkia kiunoni na kumsukuma, polepole, hadi upande wa pili. Mjomba akawasimamisha askari walioanguka, kila mmoja mahali pake. Midomo ya mkewe ilihangaika kwa muda mrefu.

"Shah," akasema.

Niliutazama ubao. Haikuwa shah hata kidogo. Askari wa Mjomba alikuwa ameziba njia, wazi kabisa. Mjomba, ambaye hakuwahi kumsamehe hata mwanawe kosa la ubaoni, alimwona askari yule kama nilivyomwona mimi. Akajifuta machozi kwa mkono wenye vumbi, akamshika mfalme wake, akamkimbiza.