Siku Bibi Alipoitwa kwa Jina

Juzi nilikuwa stesheni ya Brixton na mjukuu wangu. Treni ilipofungua milango, yule mtoto akaruka ndani kabla yangu, akakaa, akachomoa simu yake. Mie bado niko nje na kikapu changu cha ndizi. Siku nyingine ningemfunza adabu palepale mbele ya watu, maana mimi ulimi haunipigi chenga. Lakini juzi nilimwacha. Niliingia nikakaa ubavuni mwake, kwa sababu katika stesheni hiyo hiyo, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, sisi tulishika adabu vizuri kabisa, na adabu ikatuponza. Kaa nikusimulie.

Wakati huo stesheni ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Kwa miaka tulizoea kuona barabara imechimbwa na kuzungushiwa mbao, na vumbi la saruji likitua juu ya nguo za mama alizoanika. Halafu mbao zikaondolewa, na pale palipokuwa na shimo pakawa na mlango mpana wenye taa. Mtaa mzima ulikwenda kutazama. Jirani yetu, mwanamke wa Kijamaika mwenye kicheko cha kutikisa vikombe kabatini, alishuka na kupanda ngazi zile hata kama hana safari, kisha akaja kumwambia mama kwamba sasa mjini ni pua na mdomo.

Bibi, mama yake baba, hakutaka kusikia. Alikuwa na miezi michache tu tangu afike kutoka Unguja. Sisi tulitoka kabla ya mapinduzi, mimi nikiwa wa kubebwa, baba alipokuja kusoma. Yeye na babu walibaki. Babu alifariki, na Bibi akakaa peke yake miaka mingi ndipo akapata ruhusa ya kuondoka. Kwa maoni yake London nzima ilikuwa na mahali pamoja penye akili, napo ni soko la Brixton, kwa kuwa palikuwa na muhogo, ndizi mbichi, na watu wa kubishana nao bei kwa vidole. Kuhusu treni ya chini alikuwa na kauli moja. "Wanaokwenda chini kwa chini," alisema, "ni panya na wezi."

Kilichombadilisha ni mzazi. Binti mmoja wa kwetu, aliyekuwa akikaa Finsbury Park, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na hapa mjini hakuwa na mama wala shangazi wa kumkanda maji ya moto na kumwogesha mtoto. Kwa basi, kufika kule lilikuwa jambo la kubadilisha hili na lile, nusu ya siku imekwisha. Treni mpya ilikwenda moja kwa moja. Bibi alifikiri tangu alfajiri mpaka chai, kisha akasema mzazi hangojwi, akaenda kuvaa buibui.

Baba alikuwa kazini kwenye kiwanda cha mikate, kwa hiyo tukatoka watatu. Mama alibeba mkate wa kumimina umefungwa kwenye kanga, bado wa moto, na harufu ya hiliki ikatufuata njia nzima. Mimi nilipewa chupa ya uji wa pilipili manga na onyo kwamba nikiivunja, nisirudi nyumbani. Ngazi za umeme tulishuka Bibi akiwa katikati, kanishika bega kwa nguvu hata alama za vidole zilibaki. Midomo yake ilikuwa ikienda, anasoma dua. Chini kulinuka rangi mpya na vyuma, na upepo wa vuguvugu ulitoka kwenye tundu jeusi ukalipeperusha buibui lake. Alipofika akapitisha kiganja kwenye vigae vya ukuta, akakitazama, akasema kwamba pembeni hawakufagia vizuri. Hapo mama akapumua, maana Bibi akianza kukosoa, ujue ametulia.

Treni ilikuwa imesimama, milango wazi, kwa sababu Brixton ndiyo mwisho wa njia. Sasa sikiliza tulichofanya, uone kama kuna watu wengine duniani wangekifanya. Kwetu, mkubwa hutangulia. Na hatangulii tu: anaingia, anachagua pa kukaa, anakaa, ndipo wadogo nao waingie. Kumfuata mkubwa visigino kwa visigino ni kumwambia anajikokota. Basi Bibi akaingia kwa mguu wa kulia na bismillahi, akatazama viti vya huku, akatazama vya kule, akachagua kimoja, akaanza kukipangusa kwa ncha ya buibui. Mimi nilitaka kuingia. Mama akanizuia kifuani.

"Ngoja Bibi akae kwanza."

Milango ikajifunga.

Haikupiga hodi wala haikusita. Nikamwona Bibi anageuka, bado kainama, mkono kwenye kiti, anatutazama kupitia kioo. Hakupiga kelele. Mama aliupiga mlango kwa kiganja, mkate ukamponyoka, akakimbia na treni hatua chache huku akiita "Mama! Mama!", na treni ikaingia kwenye tundu lile ikaenda zake.

Nataka uelewe hofu yetu. Bibi hakujua neno la Kiingereza zaidi ya "tenki yu". Hakujua anwani yetu, wala hakujua tunakwenda stesheni gani, kwa sababu hakuna aliyedhani atahitaji kujua. Na mama alikuwa mkwe wa watu, amekabidhiwa mama wa mumewe, na amempoteza mchana kweupe huku akimtazama.

Mtu wa stesheni alikuja, mzee wa Kizungu mwenye kofia na masharubu meupe. Hakutucheka, Mungu amrehemu. Mama Kiingereza alikijua, lakini siku ile kilimkimbia chote, ikabidi niseme mimi. Yule mzee akatupeleka kwenye chumba chake na kushika simu. Akasema stesheni inayofuata ni Stockwell, naye atawaomba wamtafute na kumtangaza kwenye kipaza sauti. Tena wafanye haraka, maana pale treni za njia nyingine husimama upande wa pili tu wa ukumbi. Akivuka na kupanda ile, hajui itamfikisha wapi.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo, nikakuta sina jibu. Kwangu alikuwa Bibi. Kwa baba alikuwa Mama. Majirani wa Unguja walimwita kwa jina la mwanawe mkubwa, mama wa fulani, na wageni walimwita Bi Mkubwa. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja miezi yote ile, najua mafuta ya nazi anayopaka na upande anaolalia, na sikujua jina lake. Nikamtazama mama.

Mama alilijua. Lakini mama alikuwa wa watu wa zamani, na katika nyumba yao jina la mkwe halipiti kinywani. Hata akiisoma dua ya wazee alikuwa akiliruka, akisema "na yule mama yetu". Sasa mzee wa watu kashika simu, anangoja. Mama aligeuka ukutani. Akalisema jina la Bibi, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ndogo kama mtu anayeungama wizi. Mimi nikalipokea, nikalisema kwa Kiingereza herufi moja moja. Nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Lilikuwa jina zuri.

Tukangoja. Uji kwenye chupa ulikuwa umeanza kupoa, nilihisi kupitia kizibo. Simu ikalia. Yule mzee alisikiliza, uso wake ukasawijika. Akasema, Stockwell wamemwona mama mmoja mtu mzima, kavaa nguo nyeusi, amekaa kwenye benchi. Wamemtangaza, hakugeuka. Wakamwendea wakamtajia jina usoni, polepole, akatikisa kichwa. Wakamtajia tena, akatikisa tena. Kwa hiyo si yeye, na labda wetu amekwisha kuvuka upande wa pili.

Mama akakaa chini sakafuni. Nakwambia alikaa chini, mama yangu, ambaye alikuwa haketi kwenye kiti cha basi bila kutandika leso. "Nitamwambia nini baba yako?" akasema. "Nitamwambia nini?" Nilianza kulia, naye hakuninyamazisha.

Yule mzee akasema twende Stockwell wenyewe tukatazame, akatupandisha treni iliyofuata kwa mikono yake. Safari ile ni fupi, ukikohoa imekwisha, lakini mimi nimesafiri mpaka Muscat ikawa karibu zaidi. Mama hakukaa. Alisimama mdomo karibu na kioo, akisoma Ayatul Kursi, anaanza, anasahau, anaanza upya. Mkate wa kumimina ulikuwa umevunjika ndani ya kanga.

Milango ilipofunguka tulilisikia kabla ya kuona kitu. Sauti kubwa ya mwanamume, toka juu darini, inalitaja jina la Bibi, la baba yake na la babu yake, yote yamepinda katika ulimi wa Kizungu, na kuta zikilirudia. Na pale kwenye benchi, chini ya picha ya ndege mweupe iliyochorwa kwenye vigae, Bibi alikuwa amekaa wima, buibui kalivuta mpaka machoni, mikono juu ya mapaja. Jina lake linapigwa juu ya kichwa chake, na yeye hata kope hapepesi. Kijana mmoja wa stesheni alikuwa kasimama kando yake, hajui la kufanya.

Mama alipiga magoti akamshika mikono. Ilikuwa baridi, alisema baadaye, kama ya mtu aliyetoka kuosha samaki.

"Mama, hukusikia unaitwa?"

"N'lisikia."

"Mbona hukuitika, jamani? Tumekufa kwa hofu."

Bibi alimtazama yule kijana wa stesheni mpaka akarudi nyuma. Ndipo akajibu, kwa sauti ya kawaida, ile ile ya kuulizia chumvi.

"Baba yenu aliitika."

Alimaanisha babu, ambaye sisi tulikuwa tumeambiwa alikufa kwa homa. Ndivyo baba alivyojua, na ndivyo tulivyomsomea hitima. Pale kwenye benchi Bibi alimwambia mama yaliyotokea, huku treni zikija na kuondoka. Lilipita gari mtaani siku zile za mapinduzi, lina kipaza sauti juu yake, linataja watu kwa majina yao kamili. Babu alikuwa anakula. Bibi alimwambia anyamaze, wafunge dirisha, labda litapita. Babu akasema mtu akiitwa huitika, na yeye hana alilolifanya. Akanawa mkono, akajibu "Naam" kwa sauti, akatoka na kandambili. "Wali wake," Bibi alisema, "niliufunika."

Mama aliinamisha kichwa akakilaza juu ya magoti ya Bibi, kitu ambacho mkwe hafanyi, na Bibi akamwacha.

Halafu, amini usiamini, tukaendelea na safari, kwa sababu mzazi alikuwa anangoja. Treni ilipokuja mama aliingia wa kwanza, akamvuta Bibi kwa mkono na mimi kwa mkono wa pili, na hakuna aliyemlaumu. Uji tuliupasha moto kule kule. Bibi alimwogesha mtoto, akamkanda mzazi, akasema maziwa ya nchi hii ni maji matupu. Baba aliambiwa usiku. Aliingia bafuni, akafungulia maji, akakaa humo muda mrefu.

Siku hizi nikipita Stockwell nahesabu waliokwisha kwenda. Yule mzee wa masharubu hayupo. Jirani wa Kijamaika hayupo, wala kicheko chake. Mama na baba nimewazika. Hata kule kuitika kumekwisha. Zamani mvulana akiitwa alisema "Naam", msichana akasema "Bee", na hawa wajukuu zangu nikiwaita wananijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho. Wakati mwingine nakasirika. Wakati mwingine nashukuru kwamba hawajui kuitwa kunaweza kuwa nini.

Bibi alikufa hapa hapa London, mimi nikiwa mtu mzima. Makaburini sisi wanawake tulisimama kando. Baada ya kaburi kufukiwa shehe akachutama kusoma talkini, maneno ya kumkumbusha maiti atakayojibu kaburini, na kama ilivyo desturi akamwita maiti kwa jina lake na jina la mama yake, mara ya kwanza, kisha mara ya pili, kwa sauti ya upole. Nilishika kanga yangu nikaiuma. Itika, Bibi, nikasema moyoni. Huyu hakuja na gari.