Wanataka nifundishe kompyuta kwa jina la mdogo wangu

Wahariri, jina langu lifuteni kama mnavyowafanyia wengine, ingawa mama wa chai katika chuo cha kompyuta huku Lushoto yuko mmoja tu, na mwenye kutaka kunijua atanijua.

Nina miaka arobaini na mitatu, ni mke wa mtu, mzaliwa wa Malindi ya huku huku Lushoto, elimu yangu darasa la saba. Nilikuwa mpiga chapa wa shirika la umma mpaka lilipobinafsishwa. Barua za kupunguza wafanyakazi nilizichapa mimi, na yangu ikiwemo, na sikukosea hata herufi. Ila kabla sijaondoka nilikuwa nimeshajifunza kompyuta ya mwekezaji, kwa kitabu chake na kamusi pembeni, maana karani aliyeletwa nayo alikuwa anaiogopa kuliko mimi.

Baadaye tukasikia Serikali inatufungulia chuo cha kompyuta. Kama hamjawahi kuona chuo cha Serikali kikizaliwa, niwaambie: kwanza kilikuja kibao cha barabarani, kisha kamati, kisha gari la mkuu wa chuo, halafu kompyuta zikiwa kwenye maboksi. Umeme ulikuja mwisho. Niliomba kazi ya kufundisha, nikapewa ya uhudumu, kwa sababu ya cheti.

Walimu walikuwa vijana wawili wenye digrii. Mmoja alikwenda semina Dar es Salaam, na mpaka leo semina haijaisha. Wa pili alifundisha historia ya kompyuta ubaoni muhula mzima, mashine zimefunikwa vitambaa. Siku alipougua niliingia na chai nikakuta wanafunzi wamekaa tu, nikafunua mashine moja. Tangu hapo nafundisha kila asubuhi, na mkuu anajua.

"Mama, wewe endelea," aliniambia, "ila kwenye karatasi tuwaachie wenye karatasi."

Kiingereza changu ni cha kamusi, kwa hiyo amri za mashine nilizitia Kiswahili. Ile ya kutunza kazi, kamusi ilisema ni kuokoa, nami nikafundisha kuokoa. Walutheri darasani walicheka, Waislamu wakacheka zaidi, lakini hakuna aliyesahau.

Mwezi uliopita walikuja wakaguzi wa wizara, ili chuo kipate usajili kamili. Mmoja akasimama nyuma ya binti mmoja wa Magoma aliyekuwa anachapa barua.

"Hapo umefanya nini?"

"Nimeiokoa, baba."

"Umeiokoa na nini?"

"Na umeme, baba. Ukikatika, ambayo haijaokoka inapotea."

Mkaguzi akavua miwani. "Nani kawafundisha hivyo?"

Darasa zima likageukia mlangoni, nilikosimama na sinia.

Mkuu akawahi. "Huyo ni mwalimu wetu wa vitendo. Vyeti vyake tutawaletea."

Walipoondoka akaniita ofisini. Alikuwa ameshapata dawa: mdogo wangu aliyeolewa Korogwe ana cheti cha kidato cha nne. Kuanzia muhula ujao mimi niitwe yeye.

"Mkuu, huyo nimembeba mgongoni. Akija hapa kuniamkia, aniite jina lake mwenyewe?"

"Ni karatasi tu, mama."

"Basi niite mbele ya wakaguzi, nikalishe na mwenye digrii wako, kila mtu na mashine yake."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema nikikataa chuo hakisajiliwi, wanafunzi wataondoka na vyeti visivyotambulika, na watajua nani kawaponza.

Nyumbani mume wangu anasema wenzangu wangapi wanakula kwa majina ya watu. Mdogo wangu naye: "Dada, kichukue. Mimi kipo chini ya godoro, hakijanipa hata ugali." Hao wote nimewajibu. Ila yule binti wa Magoma alinifuata jikoni akaniuliza taratibu, "Mwalimu, na cheti changu mimi?"

Jina la mtu silichukui, hilo msinishauri. Nikilichukua, siku likijulikana watasema hata nilichowafundisha wale watoto kilikuwa cha wizi. Nimewaandikia wizara barua. Nimeeleza darasa la saba, nimeeleza chupa ya chai, nimeomba nipimwe mimi na wanafunzi wangu siku moja, chumba kimoja, na wakitucheka wacheke baada ya kusahihisha. Nimesaini majina yangu yote matatu. Mkuu akiiona kabla haijafika, sina kazi. Ikipokewa vibaya, chuo kinafungwa, na watoto wa watu nitakuwa nimewaharibia mimi.

Nishaurini jambo moja tu: barua niitie posta, au nipande basi nikawape mkononi, wanitazame usoni wanapoisoma?